Kitanda cha Kukaa: Asili ya Nyumba za Wazee Pande za Ziwa

Alikuwako mzee mmoja jirani yetu hapa Mabatini, katika mji wa Mwanza. Ujana wake alikuwa mvuvi, na uzee wake aliupitisha katika chumba kimoja cha kupanga. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, na wanawe walikuwa wametawanyika, mmoja machimboni Geita, wengine hawajulikani walipo. Siku moja akapatwa na kiharusi, upande wa kuume ukapooza, na maneno yakamtoka kwa shida. Jirani wakamchukua hospitali, naye akatibiwa vema. Hata baada ya siku tisa tabibu akasema kwamba kazi ya hospitali imekwisha, mgonjwa na arudishwe kwake. Tabibu hakukosa. Walakini mzee huyu alikuwa hana kwake.

Ndipo jirani walipokaa barazani wakaulizana, "Je, hapana nyumba ya kuwalaza watu kama huyu?" Mmoja akajibu, "Iko Bukumbi, lakini ile ni ya wakoma." Wote wakanyamaza. Neno lile lilitukaa moyoni siku nyingi, nasi tukaona yafaa kuwaeleza wasomaji asili ya nyumba hizo, kwa nini ni chache, na kwa nini hata leo watu huzitaja pamoja na ukoma.

Kwanza yatupasa kutambua kwamba vitanda vya wagonjwa ni vya namna mbili. Kiko kitanda cha kupita, na kiko kitanda cha kukaa. Kitanda cha hospitali ni cha kupita. Tuseme kila mgonjwa hukilalia siku tano kisha huondoka: kwa mwaka mmoja kitanda kile kile kitapokea watu 73, na kwa miaka mitano watu 365. Lakini kitanda cha mzee aliyepooza humpokea mtu mmoja tu, naye huenda akakilalia miaka mitano au zaidi, mpaka kufa kwake. Basi hospitali yenye vitanda 50 yaweza kuuhudumia mji mdogo, bali nyumba ya wazee yenye vitanda 50 ikisha kujaa watu 50, mlango wake umefungwa kwa miaka. Ndiyo maana hospitali kubwa ya Bugando, iliyofunguliwa katika mwaka wa 1971 juu ya kile kilima chake, ingawa ina vitanda zaidi ya 900, haiwezi kuwa nyumba ya wazee wa Mwanza. Kama ingewaweka wote wasio na pa kurudi, wale wanaoletwa usiku kwa ajali na uchungu wa kuzaa wangelala wapi?

Tena kitanda cha kukaa si mbao na godoro tu. Mtu asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo nyama ya mgongoni na nyongani hufa na kuwa vidonda. Hulishwa, huoshwa, hubadilishiwa nguo. Kitanda kimoja cha namna hii chataka mikono ya watu kadhaa wanaopokezana zamu. Pasipo mikono hiyo, kitanda ni mti mkavu.

Katika zamani za wazee wetu, mikono hiyo ilikuwa katika kaya. Mzee wa Kisukuma alizeeka kati ya ng'ombe wake, wakeze, wanawe na wajukuu wake, na mtoto wa miaka saba aliweza kutumwa kukaa naye na kumpa maji. Wahenga walisema, ng'ombe haelemewi na nunduye. Maana yake, mzigo ulioota mwilini mwako si mzigo. Kwa hiyo hakuna aliyejenga nyumba ya wazee, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa ya wazee.

Lakini tusizisifu zamani kupita kiasi. Walikuwako watu wasio na nundu ya kuiegemea: mtumwa aliyenunuliwa mbali, mgeni aliyekimbia vita, mjane asiye na mtoto, mtu mwenye ukoma, na mwanamke aliyeitwa mchawi. Hao ndio waliokosa kitanda cha kukaa. Na tukifuata habari za nyumba hizi pande za Ziwa, tutaona kwamba kila moja ilianza kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wala haikuanza kwa ajili ya uzee.

Mapadre Weupe walifika kusini mwa Ziwa mwishoni mwa mwaka wa 1878, na katika mwaka wa 1879 wakavuka kwenda Uganda. Mambo yalipowawia magumu kule, wakaondoka katika mwaka wa 1882 pamoja na watoto yatima na watumwa waliokombolewa, na katika 1883 wakaweka misheni yao Bukumbi, kusini mwa Mwanza, kando ya ghuba. Basi tangu siku zake za kwanza Bukumbi ilikuwa mahali pa watu wasio na kwao. Hata mfalme alipaonja. Katika mwaka wa 1888 Kabaka Mwanga alipopinduliwa, alikimbia kwa mitumbwi mpaka Magu, kisha akaja Bukumbi akapokewa na mapadre wale wale aliokuwa amewatesa waumini wao. Alikaa hapo mpaka mwaka wa 1889, alipoondoka kwenda kutafuta tena kiti chake. Yeye aliyekuwa na nyumba nyingi alilala katika nyumba ya wageni, akashukuru.

Hata mwanzo wa karne ya 20 likazuka pigo la malale pande za Ziwa. Katika Uganda peke yake watu zaidi ya 200,000 walikufa. Mgonjwa wa malale hakuwa mgonjwa wa siku tano. Alidhoofika miezi mingi, akili ikapotea, akalala hata chakula kikiwa kinywani. Katika miaka ya 1906 na 1907 tabibu mkuu wa Kidachi, Robert Koch, alikaa katika visiwa vya Sese, mahali paitwapo Bugala, akawatibu wagonjwa zaidi ya 1,000 kwa dawa iitwayo Atoxyl. Wagonjwa walilala katika vibanda vya nyasi, wengi wakihudumiwa na jamaa zao waliofuatana nao. Dawa ile iliwapa wengi nafuu ya kitambo, lakini wengine iliwapofusha macho. Wadachi wakaweka kambi za malale upande wao pia, Shirati na pande za Bukoba. Hapo ndipo watu wa Ziwa walipoanza kulijua neno "kambi" kwa maana ya mahali anapopelekwa mgonjwa asiyetazamiwa kurudi. Tusishangae basi kwamba neno hili halikupendwa.

Nao ukoma ulifuata njia hiyo hiyo. Ugonjwa huu ni wa kale, lakini kijidudu chake kilitambuliwa katika mwaka wa 1873 na tabibu Hansen katika mji wa Bergen, nchi ya Norwe. Huenda polepole sana, huua mishipa ya fahamu, hata mtu hukanyaga kaa la moto asijue. Vidole huliwa na vidonda visivyouma. Sasa twajua kwamba ukoma hauambukizi kwa urahisi, na kwamba zaidi ya watu 95 katika 100 wana miili inayojikinga nao. Lakini watu wa zamani hawakujua, wakaogopa, na kuogopa kwao hakukuwa upumbavu, maana hapakuwa na dawa ya kweli. Yalikuwapo mafuta ya chaulmoogra, yaliyopigwa kwa sindano yenye maumivu makali, na faida yake ilikuwa ndogo.

Kabla ya vita ya 1914 serikali ya Kidachi ilianzisha vijiji vya wakoma mahali mahali katika nchi. Baada ya vita Waingereza na misheni wakaendelea. Kolandoto, karibu na Shinyanga, misheni ya African Inland ilikuwa na hospitali tangu mwaka wa 1913, na wakoma walikaa karibu nayo. Upande wa Mara, Wamenoniti waliofika Shirati katika mwaka wa 1934 nao wakawa na kazi ya kuwatunza wakoma. Katika kambi hizo watu walipewa kibanda, shamba dogo na chakula. Wakaoana, wakazaa, wakazeeka. Kambi ikawa kijiji.

Sasa twafika mahali ambapo habari hii inageuka. Baada ya vita ya pili ya dunia ilikuja dawa ya vidonge, dapsoni, na katika mwaka wa 1982 Shirika la Afya la Dunia likashauri dawa mchanganyiko, ambazo humponya mgonjwa kwa miezi 6 au 12. Tanzania ilikuwa imeanzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma katika 1977, na katika mwaka wa 2006 ukoma ulipungua hata ukahesabiwa kuwa si tishio kwa taifa zima, ingawa wagonjwa wapya huonekana bado. Sababu ya kambi ilikuwa imekwisha. Watu walipona. Mtu angedhani kwamba kambi zote zingefungwa, na watu warudi kwao wakiimba.

Haikuwa hivyo. Mwili ulipona, lakini kaya haikufunguka. Mtu aliyeondoka kijana alirudi kijijini akiwa na miaka 50, vidole havipo. Akakuta shamba limegawanywa, ndugu wamekufa, na watoto wa ndugu wanamtazama kwa mbali. Wengi waligeuka wakarudi kambini, kwa kuwa huko ndiko walikojulikana kwa majina. Wakazeeka huko. Serikali ikawaleta pamoja nao wazee wengine wasio na watu, hata kambi zile zikaitwa makazi ya wazee na wasiojiweza. Ndiyo asili ya makazi ya Bukumbi, katika wilaya ya Misungwi, yanayolea wazee pamoja na watu walioachwa na ulemavu wa ukoma. Kolandoto yako makazi ya wazee hata leo. Nyabange upande wa Mara na Kilima upande wa Kagera yako pia, na mengine mbali na Ziwa, kama Nunge upande wa pili wa bandari ya Dar es Salaam, na Chazi huko Morogoro, ambako nako wakoma waliwekwa zamani.

Basi yule jirani yetu aliyesema, "Ile ni ya wakoma," alisema neno la kweli juu ya zamani, akalifanya ukuta wa leo. Aliyepona ukoma hamwambukizi mtu. Kama mzee anaogopa kulala Bukumbi kwa sababu ya wale waliotangulia, anawaogopa watu ambao kosa lao ni kuugua mapema kuliko dawa.

Liko kundi lingine, nalo twalitaja kwa aibu, maana ni habari ya nchi yetu wenyewe. Kati ya mwaka wa 1970 na 1984, watu zaidi ya 3,600 waliuawa katika Tanzania bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalikuwa katika Usukuma. Wengi waliouawa walikuwa vikongwe. Mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu. Nayo macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi na kuni mbichi, katika jiko wanakopikia wanawake maisha yao yote. Mauaji hayo hayakukoma katika 1984. Yaliendelea miaka mingi baadaye. Mara nyingi chini ya tuhuma hiyo kulikuwa na ugomvi wa shamba au ng'ombe. Mwanamke aliyeokoka usiku mmoja hakuweza kulala tena katika nyumba ile. Alihitaji kitanda cha kukaa, wala hakuwa mgonjwa wala hakuwa maskini. Watu wake ndio waliomfanya asiwe na kwao.

Hapa ndipo tunapoliona jambo lenyewe. Watu hudhani kwamba upungufu wa vitanda vya wazee ni jambo la serikali na mafundi seremala. Habari hizi zatuonyesha kwamba vitanda hivyo huhesabiwa kwanza kijijini. Kila mlango wa kaya unapofungwa, kitanda kimoja kinahitajika Bukumbi. Na milango hufungwa upesi kuliko vitanda vinavyochongwa.

Tutazame hesabu. Kwa sensa ya mwaka wa 2022 watu wa Tanzania walikuwa milioni 61.7, na wenye miaka 60 na zaidi walipita milioni tatu. Makazi ya wazee ya serikali ni kumi na zaidi kidogo katika Tanzania bara, na wanaokaa humo ni mamia, si maelfu. Tuseme kwamba katika wazee 100 ni mmoja tu asiye na mtu wa kumgeuza kitandani: watu hao watapita 30,000. Hata serikali ikizidisha vitanda vyake mara kumi, haitawafikia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka wa 2003 ilikiri jambo hili waziwazi, ikasema kwamba malezi ya wazee ni ya familia na jamii kwanza, na makazi ni kimbilio la mwisho. Huko Unguja, ambako ziko nyumba za wazee za Sebuleni na Welezo, serikali ilianza katika Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, ili mzee aliye nyumbani asiwe mkono mtupu. Fedha ile ilikuwa ndogo, lakini shauri lake lilikuwa la busara: ni rahisi kukitegemeza kitanda kilicho nyumbani kuliko kujenga kipya kambini.

Nchi nyingine nazo zilipita njia hii. Yapata mwaka wa 370, Askofu Basili wa Kaisaria alijenga nje ya mji wake nyumba za wagonjwa, wageni na wakoma, na hiyo ni katika nyumba za kwanza za namna hii zinazojulikana. Hata Uingereza, yenye mali nyingi, ilikuwa ikiwatia wazee maskini katika nyumba za kazi pamoja na waliofilisika, na ilikuwa mwaka wa 1948 sheria ilipoziamuru serikali za mitaa kuweka makazi ya wazee. Viwanda vilikuwa vimewatoa vijana vijijini, na vyumba vya mjini vilikuwa vidogo.

Je, si hali yetu ya Mabatini? Vijana hutoka Magu, Ukerewe, Sengerema na Misungwi kuja kutafuta riziki. Hupanga chumba kimoja, baba na mama kitandani, watoto chini. Mzee akiletwa kutoka kijijini, alale wapi? Anayemwacha baba yake kijijini si lazima awe mwovu. Huenda amekosa futi sita za sakafu. Lakini baba akiachwa na kila mtoto kwa sababu njema, bado ameachwa.

Turudi kwa yule mzee mvuvi. Bukumbi hakupelekwa. Mama mmoja muuza dagaa alisema, "Sasa alale mtaani mkiwa mnatafuta nyumba?" Akachukua zamu ya asubuhi. Vijana wawili waendesha pikipiki wakachukua ya usiku, na sisi walimu tukachukua ya jioni. Muuguzi mmoja mstaafu akatufundisha kumgeuza, na kumkalisha anapokula asipaliwe. Tulichoka, tukagombana juu ya zamu, na mara mbili alikutwa amelowa tangu alfajiri, kwa kuwa kila mmoja alidhani ni zamu ya mwenzake. Hatujisifu. Aliishi miezi minne, akafa bila kidonda mgongoni.

Lakini jambo hili tumeona hatuwezi kulificha. Jioni ile alipokufa, chama chetu cha kufa na kuzikana kilikusanya kwa saa mbili fedha nyingi kuliko zote tulizopata kwa sabuni, uji na nguo zake katika miezi minne. Ng'ombe alichinjwa. Watu waliokuwa hawajapata kupita mlangoni pake walichukua jeneza lake.

Ndugu wasomaji, vyama hivi viko katika kila mtaa na kila kijiji, vina daftari, mwenyekiti na mweka hazina. Tumejua kuzikana vizuri, kuuguzana bado. Daftari ile ile yaweza kuongezwa ukurasa mmoja wa majina ya wazee walio peke yao, na ukurasa wa zamu za watu wa kuwageuza. Sisi hapa Mabatini tumeuanza ukurasa huo, na jina la kwanza limekwisha andikwa. Ni la yule mama muuza dagaa, ambaye macho yake sasa yanaanza kumpotea, naye hana mtoto.